Asiyekuwapo na Lake Halipo

Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya wanaharakati na waumini wa pwani ya Kilifi



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya ubalozi katika mambo ya uchumi wa dunia. Najua baadhi yenu mmejiuliza: sisi na Geneva tuna nini? Mvuvi anangoja kusi ipungue, mama anangoja bei ya mahindi ishuke, kijana anangoja kibarua. Mabalozi wanaobishana huko ng'ambo watuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Ila nawaomba tulianzie hapa hapa petu.

Kila mmoja wetu aijua nguzo ya Vasco da Gama inayotazama bahari. Lakini kabla Mreno huyo hajazaliwa, Malindi ilikwisha kuwa na diplomasia yake. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle wa China, akiwa zawadi ya kufungua njia ya urafiki na biashara. Mwaka 1498 mtawala wa Malindi alimpokea Vasco da Gama na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Na Wareno walipokuwa wakirejea kwao mwaka 1499, alimpeleka mjumbe wake pamoja nao. Hesabu yake ilikuwa rahisi: alitaka biashara, na alitaka rafiki mwenye mizinga wa kumtisha jirani yake wa Mombasa. Nini kikafuata? Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilipigwa na kuporwa. Katika miaka ya 1590 Wareno walijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, Sheikh wa Malindi naye akahamia huko, na mji huu uliowakaribisha ukafifia. Mapatano yaliyoonekana kuwa faida siku ya kwanza yalikuwa na gharama iliyolipwa na wajukuu.

Halafu tazameni mwaka 1895. Tarehe 14 Desemba mwaka huo Uingereza na Sultani wa Zanzibar walipatana juu ya ukanda wa maili kumi, na utawala wa pwani ukakabidhiwa Waingereza. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi katika ukanda huo. Mwaka 1963 yakafanywa mapatano mengine, ukanda ukawa sehemu ya Kenya huru. Mkulima wa Kigiriama aliyekuwa akipanda mikorosho yake, ni nani aliyemuuliza lolote? Leo tunapoona wazee wanaitwa maskwota katika ardhi waliyozikiwa babu zao, tukumbuke kwamba chanzo kimojawapo ni karatasi zilizotiwa sahihi na watu waliokaa mbali, wakazungumza mambo yetu sisi tusipokuwapo. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana ya kuzungumza habari hizi leo. Nataka kuwaonyesha, kwa mfano wa Mkenya mmoja ambaye ameishi maisha yake katika meza hizo, kwamba balozi hodari aweza kutuletea jambo jema, lakini jambo hilo halidumu ila kwa kulindwa na wananchi.

Mkenya huyo ni Balozi Amina Mohamed. Alizaliwa Kakamega tarehe 5 Oktoba 1961, katika familia ya Kisomali isiyokuwa na makuu. Alisoma shule ya msingi mjini humo, kisha Butere, halafu akaenda Kiev kusomea sheria. Mwaka 1986 aliingia katika Wizara ya Mambo ya Nje akiwa mwanasheria. Katika mwaka huo Kenya ilikuwa bado chini ya chama kimoja, na chama hicho kiliamua kura za mchujo zipigwe kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea. Ofisi alizozianzia kazi hazikuwa ofisi za kumweleza raia kilichoandikwa ndani ya mkataba. Mikataba ilikuwa siri ya wakubwa.

Mwaka 2000 alipelekwa Geneva kuwa Balozi na Mwakilishi wa Kudumu wa Kenya. Huko ndiko yaliko makao ya Shirika la Biashara Duniani. Hebu tulifahamu shirika hili, maana wengi hulisikia kwa jina tu. Lina wanachama 166. Kwa kawaida halipigi kura; huamua kwa mwafaka, yaani jambo hupita iwapo hakuna mwanachama aliyepo mkutanoni anayelipinga waziwazi. Kwa maneno, basi, nchi ndogo ina nguvu sawa na nchi kubwa. Kwa vitendo mambo ni mengine. Nchi tajiri hupeleka majopo ya wataalamu, na nchi maskini hupeleka watu wachache wanaokimbia kutoka chumba hadi chumba. Tena yako mazungumzo ya nchi chache zilizoalikwa, ambayo ndiyo huandaa yale yatakayopelekwa kwa wengine wote.

Mwaka 1999 mwenyekiti wa Baraza Kuu la shirika hilo alikuwa Mtanzania, Balozi Ali Mchumo. Mwishoni mwa mwaka ule mawaziri walikutana Seattle, Marekani. Huko nje waandamanaji walijaa barabarani; ndani, mawaziri wa Afrika walipoona wanafungiwa nje ya vikao vidogo, walitangaza kwamba hawatajiunga na mwafaka ambao hawakushiriki kuutengeneza. Mkutano ukavunjika. Hilo lilikuwa fundisho kubwa: maskini akiwa na umoja, hapana yake husikika.

Basi Balozi Amina Mohamed alifika Geneva mwaka uliofuata, bado vumbi la Seattle halijatulia. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 2003 aliongoza chombo kinachochunguza sera za biashara za wanachama. Mwaka 2004 aliongoza chombo cha kutatua migogoro. Mwaka 2005 akawa mwenyekiti wa Baraza Kuu, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwenyekiti wa baraza lile haamrishi. Kazi yake ni kusikiliza, kupima maneno, kumwita huyu na yule faraghani, na kutafuta sentensi moja ambayo wote waweza kuivumilia. Ni kazi ya mpatanishi. Wazee wa kaya wangeielewa mara moja.

Katika mwaka ule lilifikishwa mwisho jambo moja ambalo nyumba nyingi hapa zina haki ya kulijua. Mtakumbuka jinsi UKIMWI ulivyotuzika miaka ile. Dawa zilikuwapo duniani, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri, kwa kuwa kampuni zilizozivumbua zilikuwa na hataza, yaani haki ya pekee ya kuzitengeneza na kuziuza. Kundi la nchi za Afrika lilisimama kidete mwaka 2001, na mwezi Novemba mwaka huo mawaziri waliokutana Doha walitangaza kwamba mkataba wa hataza haupaswi kuzizuia nchi kulinda afya ya watu wao. Mwaka 2003 ukapatikana ufumbuzi wa muda kwa nchi zisizo na viwanda vya dawa. Tarehe 6 Desemba 2005 Baraza Kuu, chini ya uenyekiti wa Mkenya huyu, likaamua kuufanya ufumbuzi ule kuwa sehemu ya kudumu ya mkataba wenyewe. Badiliko hilo lilipata nguvu ya sheria tarehe 23 Januari 2017. Siku chache baada ya uamuzi wa baraza, mawaziri walikutana Hong Kong na kukubaliana kwamba ruzuku zinazotolewa kwa mazao ya kilimo yanayouzwa nje zikomeshwe kufikia mwaka 2013.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya kisa hicho, maana ndiyo kiini cha hotuba yangu. Yale yaliyopatikana Geneva kwa jasho yalikaribia kutuponyoka hapa nyumbani. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Nia ilionekana njema. Ni nani apendaye dawa bandia? Lakini maneno ya sheria ile yalikuwa mapana mno, hata dawa halali za bei nafuu, zenye viambato vile vile na nguvu ile ile, zingeweza kuhesabiwa kuwa bandia na kuzuiwa. Hakuna balozi aliyekuja kulizuia hilo. Walioliona ni Wakenya watatu walioishi na virusi, ambao uhai wao ulitegemea dawa hizo. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwezi Aprili 2012 mahakama iliamua kwamba vifungu vile vilihatarisha haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya. Watu watatu wagonjwa, ndugu zangu, walilinda kile ambacho mataifa zaidi ya mia moja yalikuwa yamekubaliana.

Hapo ndipo tunapoona mahali pa mwananchi. Balozi huuleta mkataba hadi mlangoni. Kuuingiza ndani, kuusoma, na kuangalia usiibwe usiku ni kazi ya wenye nyumba.

Turudi kwa balozi wetu. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa mwaka 2007, aliitwa nyumbani, na kuanzia mwaka 2008 hadi 2011 alikuwa Katibu Mkuu katika wizara iliyoshughulikia haki na mambo ya katiba. Huo ndio wakati Katiba mpya ilipopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huo. Wengi wenu mliitangaza Katiba ile makanisani na masokoni, na wako pia miongoni mwenu waliosimama upande wa kura ya hapana kwa dhamiri safi. Sote leo tunaishi chini yake. Nayo inasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Inasema pia kwamba ushiriki wa wananchi ni msingi wa utawala wetu, na kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2012 ikaja sheria ya kufanya na kuridhia mikataba, inayotaka mkataba upelekwe Bungeni na maoni ya wananchi yasikilizwe kabla ya kuridhiwa. Mlango uliofungwa mwaka 1986 umefunguliwa. Je, sisi tumeingia?

Kutoka wizara ile alikwenda kuwa naibu mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, na mwaka 2013 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Sitawaficha kwamba wengi waliopigania mageuzi walitofautiana naye wakati huo. Mwaka 2013 diplomasia ya Kenya ilifanya kampeni kubwa ili kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Rais na Naibu wake ziahirishwe. Mwezi Novemba jambo hilo lilishindwa katika Baraza la Usalama, nchi saba zikiunga mkono na nane zikijizuia kupiga kura. Walioathirika na ghasia waliuliza: nasi ni nani atakayetusemea? Nalitaja si kwa kumhukumu mtu, bali kwa kuwa kazi ya ubalozi iko hivyo. Mjumbe hauawi, kwa sababu neno alilobeba si lake. Ni la aliyemtuma. Kwa hiyo anayetaka neno jema lipelekwe, ashughulike kwanza na mtumaji. Na mtumaji, kwa mujibu wa Katiba yetu, ni wananchi.

Mwezi Desemba 2015 mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulifanyika Nairobi, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, naye akauongoza. Lile la ruzuku lililoahidiwa Hong Kong, na ambalo mwaka 2013 ulipita bila kutimizwa, hapo lilipata uamuzi. Nchi tajiri zilikubali kuziondoa ruzuku hizo mara moja, isipokuwa kwa bidhaa chache zilizopewa muda zaidi. Nchi zinazoendelea, kwa ujumla, zikapewa hadi mwisho wa mwaka 2018. Kwa mkulima wa Afrika anayeshindana na chakula kilichoshushwa bei kwa fedha za hazina za wengine, hilo halikuwa dogo. Lakini mkutano ule ule ulishindwa kukubaliana iwapo mazungumzo yaliyoanzishwa Doha, yaliyokusudiwa kuwa ya maendeleo, yaendelee kama yalivyokuwa. Wako waliosherehekea, wako waliohuzunika, na pande zote mbili zilikuwa na sababu.

Mwaka 2017 aligombea uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, akashindwa na Moussa Faki Mahamat wa Chad. Mwaka 2020 aligombea ukurugenzi mkuu wa Shirika la Biashara Duniani. Wagombea walikuwa wanane, naye akafika miongoni mwa watano wa raundi ya pili. Kiti kilikwenda kwa Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria mwaka 2021. Ndiyo maisha ya kazi hiyo: miaka mingi ya kusoma vifungu usiku, ushindi wa sentensi moja, na kushindwa mbele ya macho ya dunia.

Sasa tuje kwetu Kilifi. Nchi yetu na Jumuiya ya Ulaya zilijadiliana kwa miaka mingi juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi. Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya, wakiungana na watetezi wa haki za binadamu, walikwenda mahakamani wakidai kwamba mazungumzo yale yaliendeshwa bila wao. Mwezi Oktoba 2013 Mahakama Kuu iliamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wananchi na kuwapa habari. Mkataba wa Kenya na Ulaya ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa zetu ziingie Ulaya bila ushuru. Nasi tuwafungulie soko letu hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka 25. Ndani yake mna vifungu vinavyobana kodi ambazo nchi yaweza kuweka juu ya bidhaa ghafi zinazouzwa nje. Mtu wa Kilifi anapaswa kukifikiria kifungu cha namna hiyo kwa sababu ya korosho. Tulikuwa na kiwanda cha korosho hapa Kilifi, kikaanguka. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi ili zibanguliwe nchini. Nchi ikitaka kulinda kiwanda chake kichanga, mkataba wairuhusu kufika wapi? Nani miongoni mwetu amekisoma kifungu hicho?

Na sasa bahari. Katika Ghuba ya Ungwana wavuvi wadogo wamegombana kwa miaka na meli za kukokota nyavu. Mwenye ngalawa hutoka na mshipi wake au jarife, akavua kwa nguvu za mikono yake. Mwenye meli kubwa ya mbali hutoka akiwa amelipiwa mafuta na serikali yake. Mashindano gani hayo? Mazungumzo ya ruzuku za uvuvi yalianzishwa Doha mwaka 2001 na yakachukua zaidi ya miaka ishirini. Mkataba ulipitishwa Geneva tarehe 17 Juni 2022, na ulianza kutumika tarehe 15 Septemba 2025, siku ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha hati zao na kuitimiza idadi iliyotakiwa.

Mkataba huo unakataza ruzuku kwa wanaovua kinyume cha sheria, kwa uvuvi wa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, na kwa uvuvi wa bahari kuu isiyo na usimamizi. Sikilizeni tena: nchi yenye pwani imepewa nafasi ya kuthibitisha kwamba meli fulani imevua kinyume cha sheria katika maji yake. Ikithibitisha kwa utaratibu wa haki na kutoa taarifa, serikali inayoilipa meli hiyo hutakiwa kuikatia ruzuku. Lakini ni nani atakayeiona meli hiyo kwanza? Si balozi. Si waziri. Ni mvuvi wa Ngomeni aliyetoka alfajiri kutafuta nguru na jodari.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu. Kwanza, vikundi vyetu vya kusimamia fuo viwe na daftari. Mvuvi akiona meli ndani ya maji yaliyokatazwa, aandike tarehe, saa, mahali na jina la meli, na taarifa ipelekwe kwa maofisa wa uvuvi kwa maandishi, nakala ibaki. Pili, kila parokia na kila usharika uwachague wawili au watatu wanaosoma vizuri, kazi yao iwe kuiomba mikataba inayotuhusu, kuisoma, na kutufafanulia kwa Kiswahili na kwa lugha za Mijikenda. Tatu, mbunge anapokuja kuomba kura, pamoja na barabara na maji, aulizwe: mkataba ule ulipofika Bungeni, wewe ulikuwapo? Ulisema nini?

Baharini, mbele ya Ngomeni, yapo majukwaa ya San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 kutoka hapo ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ya taifa letu. Watoto wa Ngomeni wamekua wakiyatazama majukwaa yale yaliyokuja kwa mapatano ya Kenya na Italia. Ni wangapi kati ya wazazi wao waliopata kuambiwa mapatano hayo yanasema nini? Uhuru umerushwa juu sana, ndugu zangu. Kazi yetu ni kuushusha hadi ufuoni.

Mabalozi wetu tuwaombee na tuwaheshimu, maana kazi yao ni ngumu. Lakini tusiwaache peke yao, wala tusiwaache wasahau waliowatuma. Mezani patakuwapo mtu. Na nyuma ya mtu huyo tuwepo sisi.